Fyuzi ya bluu inakatika kila nikikaribia Awasi, kumbe ni kaklipu ka plastiki. Kanaitwaje na nakapata wapi?

WaruHadiKibuye (Molo)

Wadau, salamu. Nitasimulia kirefu kidogo, mnivumilie, maana hii kitu imenila wiki tano.

Nina gari, Toyota Probox, ya kubebea waru (viazi). Jumamosi usiku napakia, napita Mau Summit, Londiani, Kericho, nateremka Awasi na Ahero, alfajiri niko soko la Kibuye, Kisumu, kabla watu hawajaanza kugombania nafasi. Siku moja nikikaribia Awasi gari likazima. Halikukohoa wala halikusinzia, lilizima tu kama taa. Nikafungua sanduku la fyuzi tochi ikiwa mdomoni: fyuzi ya ampea 15, ile ya bluu, imekatika. Nikatia nyingine, likawaka, nikafika. Wiki iliyofuata, karibu na mahali pale pale, tena. Nikaanza kuwasadiki wanaosema barabara nyingine zina wenyewe.

Fundi wa kwanza alinibadilishia betri. Wa pili akasema pampu ya mafuta inavuta moto mwingi, nikanunua pampu. Wa tatu alikuwa na dawa rahisi: akang'oa ya bluu akachomeka ya kijani, ya 30, akaniambia, "Hii haitakusumbua tena." Na kweli safari hiyo haikukatika. Lakini nilipofika Ahero nikasikia harufu kama ya kandambili iliyoangukia jikoni.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja hapa Molo, fundi wa waya wa zamani. Hakugusa fyuzi. Alitoa betri, akapenyeza mkono nyuma ya pale inapokaa, akanyamaza, kisha akanivuta mkono nishike mwenyewe. Fungu zima la waya lilikuwa limelala juu ya ukingo wa bati linalobeba betri, na waya mmoja umesuguliwa ganda mpaka shaba inang'aa. Barabara ikiwa laini hakuna neno. Mashimo yakianza, shaba inabusu bodi. Juu ya hapo, kama kiganja kimoja hivi, kuna tundu tupu kwenye bati. Mzee akalionyesha kwa kidole: "Hapa palikuwa na mtu wake."

Huyo mtu ni kaklipu ka plastiki ka kushikilia waya. Nadhani kalivunjwa mwaka jana gari lilipofunguliwa mbele kwa kazi nyingine, na aliyekavunja akaona si kitu. Mzee ametengeneza ule waya lakini klipu hana, kwa sasa fungu linaning'inia kwa kamba ya katani. Kanaitwaje? Nakapata wapi? Na nikifunga kwa tai za plastiki, vile vikanda vya kukaza waya, kuna ubaya gani?

WayaKondele (Kisumu)

Pole sana ndugu yangu. Kabla sijajibu lolote: ile fyuzi ya kijani imetoka? Kama haijatoka, usiwashe gari. Nakusubiri.

WaruHadiKibuye (Molo)

Imetoka, fundi. Mzee aliitupa mwenyewe.

WayaKondele (Kisumu)

Basi tuongee. Na nianze na hiyo ya kijani, kwa sababu naiona kila wiki hapa Kondele na inaniudhi. Fyuzi haikuwekwa kulinda pampu wala taa, imewekwa kulinda waya. Aliyetengeneza gari alipima unene wa waya akasema huu ukipitisha zaidi ya 15 kwa muda, utapata joto. Ukitia ya 30, sasa mlinzi analala na waya ndio unageuka fyuzi. Mkondo ukizidi mara mbili, joto kwenye waya linazidi mara nne. Hiyo harufu ya kandambili ni ganda la waya lilianza kupika. Ungeendelea hivyo, tungekuona kando ya barabara umesimama na mchanga mkononi.

Sasa klipu. Ukifika dukani usihangaike na jina, kila mtu ana lake. Wengine wanasema klipu ya waya, wengine kifungo, wengine klipu ya kubonyeza. Nenda na vipimo, au nenda na iliyovunjika. Mwenye duka anataka mambo matatu: tundu ni la duara au la yai, upana wake milimita ngapi, na bati lina unene gani. Hilo la unene ndilo watu hulisahau, na ndilo linalorudisha watu dukani.

Kwa nini? Itazame klipu yenyewe. Chini ina kichwa kama mshale chenye mabawa mawili. Ukikisukuma tunduni mabawa yanajikunja, yakishapita yanafunguka nyuma ya bati, unasikia *tak*. Upande wa kuingilia umelazwa kama mteremko, upande wa kutokea umesimama kama ukuta. Ndiyo maana kidole gumba kinatosha kuiingiza, lakini kuitoa ni mpaka koleo. Juu ya mabawa kuna kisahani chembamba kama mwavuli. Mwavuli unasukuma bati kutoka mbele, mabawa yanalivuta kutoka nyuma, katikati bati limebanwa. Bati likiwa nene kuliko klipu inavyotaka, mabawa hayafunguki, itachomoka kwenye tuta la kwanza. Likiwa jembamba sana, inacheza, inalia ndani ya gari kama panya.

Kuna aina nyingine ambayo haina mabawa mawili, ina safu safu za vijisahani kutoka juu mpaka ncha, kama msonobari wa Krismasi. Hiyo haijali sana unene, safu yoyote itakayofika nyuma ya bati ndiyo itakayoshika. Inafaa hata kwenye shimo lisilotokea upande wa pili.

Tundu lako likiwa la yai ujue limefanywa hivyo makusudi: klipu haiwezi kuzunguka, kwa hiyo waya hauwezi kugeuka ukaangalia pasipotakiwa.

TaiNyeusi (Eldoret)

Mkuu, umeeleza vizuri lakini mnamtisha mtu bure. Miaka 15 nafunga waya kwa tai za plastiki, matatu, pikapu, hata trekta za watu wa mahindi. Funga fungu kwenye kitu chochote kilicho karibu, kaza, kata mkia, maliza. Mteja hajawahi kurudi.

WayaKondele (Kisumu)

"Kitu chochote kilicho karibu" ndipo tunapoachana. Juzi nimefungua gari hapa, mtu amefunga waya za taa kwenye paipu ya breki. Paipu ya breki! Nyingine ilikuwa imefungwa kwenye mpira wa mafuta. Na mteja kutorudi, ndugu, pengine anarudi kwa fundi mwingine.

TaiNyeusi (Eldoret)

Paipu ya breki mimi sifungi. Usinitie kwenye gunia moja na hao.

MwalimuWaWarsha (Kakamega)

Ngoja niingie, nafundisha vijana kazi hii na swali la tai dhidi ya klipu hulipata kila muhula.

Kwanza mjue hizo mbili ni ndugu. Zamani waya za ndege zilifungwa kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, kwa mkono. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja, Maurus Logan, aliyefanya kazi katika kampuni ya Thomas & Betts, alitembelea kiwanda cha ndege cha Boeing akawaona wafanyakazi wakikaza uzi huo mpaka unawakata vidole. Akaenda kufikiria, na mwaka 1958 tai ikatoka. Ile ya kwanza ilikuwa na jino dogo la chuma ndani ya kichwa. Kwa hiyo TaiNyeusi, unachokaza kila siku kilianzia kwenye ndege, usijidharau.

Lakini tai inafanya kazi moja: inakusanya waya kuwa fungu. Haisemi fungu likae wapi. Klipu ndiyo inayosema wapi. Gari likitoka kiwandani, kila tundu kwenye bati limetobolewa kwa sababu: hapa ni mbali na ekzosi, hapa ni mbali na feni, hapa mlango ukifungwa hautabana. Ukifunga kwingine umechora ramani mpya bila kujua aliyechora ya kwanza alikuwa anakwepa nini.

Halafu kuna mtetemo. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inapiga mipigo 100 kila sekunde. Saa moja tu ni mipigo 360,000. Wewe wa waru, kutoka Molo mpaka Kibuye hebu hesabu mwenyewe. Waya uliolala kwenye ukingo wa bati unapigwa msasa muda wote huo. Wala hauhitaji ukingo mkali, subira inatosha.

WaruHadiKibuye (Molo)

Mwalimu nimehesabu, nikaacha.

StejiMumias

Nauliza upande wa pikipiki. Yangu taa ya mbele inazima nikikata kona kulia, nikinyoosha inarudi. Hakuna waya uliochubuka, nimekagua wote.

WayaKondele (Kisumu)

Kaka, angalia chini ya usukani, pale waya zinapopita shingoni mwa pikipiki. Nakisia kuna mtu amezikaza hapo kwa tai kama anafunga kuku. Waya za hapo lazima zipewe ulegevu, usukani unazungushwa maelfu ya mara. Zikikazwa mahali pamoja, shaba inakatikia ndani ya ganda na nje huoni kitu. Shika waya mmoja mmoja, uvute polepole. Utakaonyooka kama mpira ndio wenyewe.

Hilo linahusu gari pia. Injini imekaa juu ya mipira, inatikisika, bodi haitikisiki nayo. Waya unaotoka bodini kwenda injini ushikwe na klipu huku na klipu kule, katikati uachiwe mkunjo kama shanga. Ukiunyoosha ukakaza kwa sababu unapenda kazi safi, umeuchimbia kaburi.

StejiMumias

Tai ipo kweli, imekazwa mpaka imezama. Nakata leo jioni.

JuaKaliObote (Kisumu)

Mimi sinunui klipu. Nachukua jerikeni la mafuta ya kupikia, nakata kipande, nakiumba na moto wa mshumaa, natoboa, napiga riveti. Shilingi sifuri. Nimeweka kwenye tuktuk zaidi ya kumi.

MwalimuWaWarsha (Kakamega)

Ubunifu nauheshimu, na ndani ya gari, chini ya kiti au nyuma ya taa za buti, sina ugomvi nao. Lakini plastiki ya jerikeni inayeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, na inalegea mapema kabla ya hapo. Klipu nyingi za gari ni nailoni, ile ya 66, ambayo huyeyuka karibu na 260. Hiyo 66, kwa wanaopenda mambo ya kemia, ni kwa sababu imeungwa kwa viungo viwili na kila kimoja kina kaboni sita. Iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya Wallace Carothers kule DuPont, na wakati huo watu waliifikiria zaidi kwa brashi za meno na soksi za akina mama.

Karibu na ekzosi hata nailoni usiiamini, hapo weka ya chuma yenye mpira ndani.

MamaSpea (Nakuru)

Wanangu nimewasoma wote, mimi ndiye ninayeziuza hizo klipu. Niseme la dukani.

Anayekuja na kusema "nipe klipu ya Probox" namrudisha. Gari moja lina klipu za aina nyingi, za mlango si za boneti, za waya si za bampa. Za bampa na za fenda zina msumari katikati unaosukumwa ndani, hizo zinashika plastiki kwa bati, hazishiki waya. Za waya zina kitu cha ziada juu ya mwavuli. Kuna zenye mkanda kama tai. Kuna zenye mdomo, unabonyeza fungu linaingia, unafunga kwa lachi, siku ya kazi unafungua bila kukata. Na kuna zenye ulimi bapa, ulimi unalazwa kwenye fungu na kuzungushiwa tepu. Hizo za ulimi ndizo nyingi kwenye magari ya Japani, na ndizo watu hawazitambui wakiziona dukani, wanadhani ni kipande cha kitu kingine.

Zangu za kuvuliwa kwenye magari nauza mbao moja (shilingi 20), mpya zinapita hapo kidogo. Lakini sikiliza mwanangu wa waru: ukipata ya kuvuliwa, ikunje kidogo kwa vidole. Ikilia *kech*, irudishe. Imekauka.

WaruHadiKibuye (Molo)

Mama asante. Plastiki inakaukaje? Si nguo.

MamaSpea (Nakuru)

Hilo nawaachia wasomi. Mimi najua za zamani zinavunjika na mpya zikikaa sana kwenye jua la dirishani zinavunjika pia. Nyeusi zinavumilia jua kuliko nyeupe.

MwalimuWaWarsha (Kakamega)

Mama yuko sawa kwa yote mawili. Nyeusi imetiwa masizi ya kaboni, hayo yanazuia jua lisiipenye. Na nailoni kweli hukauka, kwa sababu kwa kawaida hunywa maji kutoka hewani, na maji hayo ndiyo yanayoifanya ijikunje bila kukatika. Ikitoka kwenye kalibu ni kavu na ngumu. Ikikaa kando ya injini yenye joto miaka mingi inakauka tena, na juu ya hayo imezeeka, uzee hauna tiba.

Lakini mpya iliyokauka ina tiba, na ni sufuria. Itie kwenye maji yanayochemka kama saa moja, iache ipoe humo humo. Itajikunja vizuri.

TaiNyeusi (Eldoret)

Mwalimu sasa tunachemsha klipu kama mayai?

MwalimuWaWarsha (Kakamega)

Na tai zako pia. Zile zinazokatika ukizikaza asubuhi ya baridi, jaribu. Huko Eldoret maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo ongeza dakika kidogo.

TaiNyeusi (Eldoret)

Nitajaribu nikiwa peke yangu. Mke wangu akiona nimechemsha tai kwenye sufuria yake mtanipokea nani?

BuchaNaWaya (Busia)

Swali dogo. Kutoa klipu bila kuvunja mnatumiaje? Mimi huvunja kila moja, halafu naanza kutafuta, ndiyo shida yenyewe ya mjadala huu.

WayaKondele (Kisumu)

Ukifika nyuma ya bati, banisha mabawa kwa koleo ya mdomo mrefu, yanajikunja, inatoka yenyewe. Ukiwa huwezi kufika, tafuta bisibisi ya uma, ile yenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka. Ipitishe chini ya mwavuli, shika shingo ya klipu katikati ya ncha hizo, inua wima. Watu wanavunja kwa sababu wanainua upande mmoja kwa bisibisi bapa, bawa moja linabaki ndani linavunjika. Uma wenyewe unaweza kuutengeneza kwa kijiko cha zamani, kata mfereji katikati. Asubuhi ya baridi pasha klipu kidogo kwanza kwa kitambaa cha maji moto. Na toa kichwa cha hasi cha betri kabla ya kupeleka chuma huko nyuma, hilo nimelisema mara ngapi.

WaruHadiKibuye (Molo)

Wadau nimerudi. Wiki mbili zimepita, na leo nawaandikia nikiwa Kibuye, waru zimeisha kufikia saa nne.

Nilipima tundu: ni la yai, milimita 12 kwa 6 na kidogo. Bati ni kama milimita moja. Nilimtembelea Mama dukani Nakuru, akanichagulia ya ulimi bapa, nikanunua tatu. Ya kwanza nilikuwa na haraka, nikaigonga kwa mgongo wa spana. Bawa likakatika, likaanguka ndani ya bodi, mpaka sasa linalia huko likinicheka. Ya pili niliichemsha. Sikuamini, ila nilichemsha. Ikaingia kwa kidole gumba, *tak*, kama alivyosema fundi.

Waya uliochubuka mzee aliufungua tena, akaukata pale palipoliwa, akaunga kwa risasi ya kulehemu na kuuvika mrija ule unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi ya kawaida aliikataa, akasema kwenye joto la injini gundi yake inageuka asali na tepu inajifungua. Fungu lote akalizungushia tepu ya kitambaa pamoja na ule ulimi wa klipu. Nimepita Awasi mara mbili na magunia kamili, fyuzi ni ya bluu, haijakatika.

Ila kuna jambo. Tulipokuwa tumeinama pale, mzee aliangaza tochi mbele kidogo, karibu na redieta, akaniita tena bila kusema kitu. Kuna tundu lingine tupu, hili la duara, na fungu la waya za feni limeinama kuelekea panga za feni yenyewe. Klipu ya tatu ya Mama haiingii, ni ya yai. Kingo zimeanza kutu.

WayaKondele (Kisumu)

Kwangua kutu kwanza, paka rangi, iache ikauke usiku mzima. Kutu hufanya tundu lipanuke na klipu mpya itacheza. Halafu pima. Ya duara nyingi ni kati ya milimita 6 na 7, lakini usikisie.

TaiNyeusi (Eldoret)

Na mpaka uipate, weka tai, ndugu. Kwenye fremu ya redieta, mbali na panga, usikaze sana. Mkia ukate sawasawa na kichwa, kisu ukikilaza vibaya unaacha wembe utakaomkata fundi mwingine mkono.

MwalimuWaWarsha (Kakamega)

Kwa hilo nakubaliana naye.

WaruHadiKibuye (Molo)

Nimeweka tai. Kesho nikirudi nakwangua. Mama, una za duara za milimita 7?

MamaSpea (Nakuru)

Ninazo. Njoo na ile ya yai iliyobaki nikubadilishie, usiitupe.